Uzito wa mtoto wa mbwa

Uzito wa mtoto wa mbwa (pia: kilebu) ni kipimo kimojawapo kinachotumika kujua kama mnyama huyo anakua vizuri. Kwa kuwa mbwa hutofautiana sana kwa ukubwa, hakuna uzito mmoja unaowafaa wote wenye umri uleule: mtoto wa mbwa wa miezi 4 anaweza kuwa na kilo 2 au kilo 25 na bado akawa na afya njema. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo huangalia mambo matatu kwa pamoja: namba inayoonyeshwa na mizani, mwendo wa namba hiyo wiki baada ya wiki, na hali ya mwili, yaani kiasi cha mafuta na misuli kinachoonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni kudhani kwamba mtoto wa mbwa aliyenenepa ndiye mwenye afya. La pili ni kudhani kwamba tumbo kubwa ni dalili ya shibe, wakati mara nyingi ni dalili ya minyoo kwa mnyama ambaye kwa kweli amekonda.

Ukuaji wa kawaida

Wiki za mwanzo

Watoto wa mbwa wa aina ndogo huzaliwa wakiwa na gramu 100 hadi 200 hivi, wale wa aina kubwa gramu 400 hadi 500, na wale wa aina kubwa kupita kiasi wanaweza kufikia gramu 700. Siku ya kwanza mtoto anaweza kupungua kidogo, lakini baada ya hapo anatakiwa kuongezeka kila siku, kwa kawaida kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito aliozaliwa nao. Akinyonya vizuri, uzito wake huwa umefika mara mbili ya ule wa kuzaliwa akiwa na umri wa siku 7 hadi 10.

Katika kipindi hicho mizani huonyesha tatizo mapema kuliko macho. Mtoto aliyepimwa leo na kesho akaonekana hajaongezeka, au amepungua, huenda hapati maziwa ya kutosha, anasukumwa na ndugu zake wenye nguvu, ana baridi au ameanza kuugua. Watoto wachanga hawana akiba kubwa ya mafuta wala sukari mwilini, hivyo wanaweza kufa ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha kunyonya. Ni muhimu pia wanyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo huwapa kinga dhidi ya magonjwa.

Kuachishwa maziwa

Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 watoto huanza kulamba chakula laini, na kwa kawaida huwa wameacha kunyonya kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kipindi hiki ni cha hatari kwa uzito wao. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini nyingi zaidi kuliko maziwa ya ng'ombe, na yana sukari ya maziwa kidogo zaidi. Mtoto aliyeachishwa ghafla na kupewa uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe peke yake hupata nguvu kidogo, na mara nyingi huhara.

Miezi inayofuata

Katika miezi ya mwanzo mtoto wa mbwa huongezeka kwa takriban gramu 2 hadi 4 kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito anaotarajiwa kuwa nao akikomaa. Kwa mfano, mbwa anayetarajiwa kufikia kilo 15 ataongezeka kwa gramu 30 hadi 60 kwa siku, yaani gramu 210 hadi 420 kwa wiki. Baadaye kasi hiyo hupungua.

Umri wa kukomaa hutegemea ukubwa:

- Mbwa wadogo (hadi kilo 10): huwa wamefika karibu nusu ya uzito wao wa mwisho wakiwa na miezi 3 hadi 4, na hukomaa kati ya miezi 8 na 12.
- Mbwa wa wastani (kilo 10 hadi 25): hufika nusu kwenye miezi 4 hivi, na hukomaa karibu na mwaka mmoja.
- Mbwa wakubwa (kilo 25 hadi 45), kwa mfano German Shepherd: hufika nusu kati ya miezi 4 na 5, na hukomaa kati ya miezi 12 na 18.
- Mbwa wakubwa kupita kiasi (zaidi ya kilo 45), kwa mfano Great Dane: hufika nusu kati ya miezi 5 na 6, na huendelea kukua hadi miezi 18 au 24.

Madume kwa kawaida huwa wazito kuliko majike. Kwa German Shepherd, kwa mfano, dume mzima hutarajiwa kuwa na kilo 30 hadi 40 na jike kilo 22 hadi 32.

Kwa mbwa aliyechanganyika, au wa kienyeji ambaye baba yake hajulikani, uzito wa mama na ukubwa wa mbwa wengine wa eneo hilo husaidia kukadiria. Njia nyingine ni kuzidisha kwa mbili uzito wake akiwa na miezi 4. Kadirio hilo huelekea kuzidi kidogo kwa mbwa wadogo na kupungua kwa mbwa wakubwa.

Jinsi ya kupima uzito

Watoto wachanga hupimwa kwa mizani ya jikoni, kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Ili wasichanganywe, kila mmoja huwekewa alama, kwa mfano doa la rangi isiyo na sumu kwenye manyoya. Baada ya kuachishwa maziwa inatosha kupima mara moja kwa wiki hadi miezi 4 au 5, kisha kila baada ya wiki mbili hadi anapokomaa.

Mtoto aliyekua kidogo anaweza kupimwa kwa mizani ya kuning'iniza kama ile ya sokoni, akiwa ndani ya kikapu au mfuko imara. Uzito wa kikapu hupunguzwa baadaye. Aliye mkubwa zaidi hupimwa kwa mizani ya watu: mtu hupanda akiwa amembeba, kisha hupanda peke yake, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa mbwa. Njia hii haifai kwa mtoto mdogo sana, kwani mizani ya aina hiyo inaweza kukosea kwa gramu mia kadhaa.

Kipimo hufaa kikichukuliwa kwa mizani ileile na saa ileile, hasa asubuhi kabla ya kula, na kuandikwa pamoja na tarehe. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo vinne au vitano vilivyoandikwa kwa mfuatano huonyesha kama mnyama anapanda, amesimama au anashuka.

Kukagua hali ya mwili

Ukaguzi huu hauhitaji kifaa chochote. Mbwa husimama kwenye sehemu tambarare na kukaguliwa kwa hatua tatu.

Mbavu. Viganja huwekwa pande zote mbili za kifua na vidole kupitishwa juu ya mbavu bila kukandamiza. Mbavu zinatakiwa kuhisika moja baada ya nyingine chini ya tabaka jembamba la mafuta. Kulinganisha na mkono wa mtu mwenyewe husaidia. Kiganja kikielekezwa chini na vidole kunyooshwa, mgongo wa mkono ukipapaswa huhisika kama mbavu za mbwa mwenye hali nzuri. Ngumi ikikunjwa, vifundo vyake huhisika kama mbavu za mbwa aliyekonda. Upande wa kiganja, mahali ambapo mifupa haihisiki ila kwa kubonyeza, hufanana na mbavu za mbwa mnene.

Kiuno. Mbwa akitazamwa kutoka juu, mwili unatakiwa kubana kidogo nyuma ya mbavu. Mwili ulionyooka kama gogo, au unaotanuka, huashiria mafuta mengi au tumbo lililovimba.

Tumbo. Akitazamwa kutoka ubavuni, mstari wa tumbo unatakiwa kupanda kuelekea miguu ya nyuma.

Kwa mbwa wenye manyoya marefu au mazito macho hudanganya, kwa hiyo mikono ndiyo hutegemewa. Kwa watoto wa chini ya wiki 8 kiuno huwa bado hakijajitokeza vizuri, na ukaguzi wa mbavu na ongezeko la uzito huwa na maana zaidi.

Alama 1 hadi 9

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha alama 9, kilichoandaliwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama Dottie Laflamme wa kampuni ya Purina na kuchapishwa mwaka 1997. Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo (WSAVA) nacho hupendekeza kipimo hicho. Kwa ufupi, alama zake ni hizi:

- 1: Mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga huonekana kwa mbali, hakuna mafuta na misuli imepungua wazi.
- 2 na 3: Mbavu huonekana au kuhisika kwa urahisi sana bila mafuta juu yake, kiuno kimebana mno.
- 4 na 5: Mbavu huhisika kwa urahisi zikiwa na mafuta kidogo, kiuno huonekana kutoka juu, tumbo limepanda.
- 6: Mafuta juu ya mbavu yamezidi kidogo, kiuno kipo lakini hakionekani vizuri.
- 7: Mbavu huhisika kwa shida, kuna mafuta kiunoni na kwenye shina la mkia, kiuno karibu hakipo.
- 8 na 9: Mbavu hazihisiki ila kwa kubonyeza sana, au hazihisiki kabisa, mafuta yamejaa mgongoni, shingoni na kwenye shina la mkia, tumbo limening'inia.

Mtoto wa mbwa anayekua anatakiwa kuwa kwenye 4 au 5. Kwa aina kubwa, ambazo viungo vyake hulemewa kwa urahisi, wataalamu wengi hupendelea abaki kwenye 4.

Pamoja na mafuta, daktari hukagua misuli ya kichwani, mabegani, mgongoni na mapajani. Mbwa mgonjwa anaweza kupoteza misuli huku akiwa bado na mafuta, na mizani haiwezi kutofautisha vitu hivyo viwili.

Aina zenye umbo la pekee

Umbo la kawaida hubadilika kwa baadhi ya aina. Saluki, mbwa wa kuwinda wa nchi za Kiarabu, na mbwa wengine wenye mbio huwa wembamba kwa asili. Mbavu chache na ncha za nyonga huonekana hata wakiwa wazima. Basenji, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo, ni mwepesi na mwenye misuli mikavu: dume mzima huwa na kilo 11 hivi na jike kilo 9.5. Kwa upande mwingine, Bulldog ana kifua kipana na kiuno kisichojitokeza sana, na Labrador huelekea kunenepa upesi. Hata hivyo kanuni ya mbavu hubaki ileile kwa karibu wote: zihisike bila kutafutwa.

Chati za ukuaji

Kama ilivyo kwa watoto wa binadamu kliniki, uzito wa mtoto wa mbwa unaweza kuchorwa kwenye chati. Chati zinazojulikana zaidi zilitolewa mwaka 2017 na watafiti wa taasisi ya Waltham pamoja na wenzao, kwa kutumia kumbukumbu za maelfu mengi ya mbwa waliotibiwa nchini Marekani. Zimegawanywa kwa jinsia na kwa makundi matano ya ukubwa, kwa mbwa wanaotarajiwa kufikia hadi kilo 40, kuanzia umri wa wiki 12 hadi miaka 2.

Kila chati ina mistari 9. Mtoto wa mbwa si lazima awe kwenye mstari wa katikati. Anaweza kuwa juu au chini yake na kuwa mzima kabisa. Kinachotakiwa ni afuate mstari wake au awe sambamba nao. Akivuka mistari miwili kwenda juu, huenda ananenepa au anakua haraka mno. Akivuka miwili kwenda chini, huenda chakula hakitoshi au ana ugonjwa. Kwa mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki chati hizi hutumika kwa tahadhari, kwa kuwa uzito wao wa mwisho hukadiriwa tu. Hata hivyo mwelekeo wa mstari, kupanda au kushuka, una maana ileile.

Tumbo kubwa na minyoo

Baada ya kula, tumbo la mtoto wa mbwa huwa la mviringo kwa saa chache, na hilo ni jambo la kawaida. Tumbo linalobaki limevimba hata asubuhi kabla ya kula, hasa kwa mtoto ambaye mbavu na uti wa mgongo wake vinahisika kwa ukali, ni dalili ya kutiliwa shaka. Mara nyingi sababu yake ni minyoo.

Minyoo-mviringo ya mbwa (Toxocara canis) haimsubiri mtoto azaliwe. Lava wake hujificha katika mwili wa mama, na mimba inapokaribia mwisho hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto. Wengine huingia kupitia maziwa. Hivyo mtoto wa mbwa anaweza kuwa na minyoo mikubwa tumboni kabla ya kufikisha mwezi mmoja, hata kama anaishi mahali safi. Minyoo ya safura (Ancylostoma caninum) huambukizwa pia kwa maziwa. Hii hunyonya damu kwenye utumbo, na watoto wadogo wanaweza kufa kwa upungufu wa damu. Dalili zake ni fizi zilizofifia au kuwa nyeupe, kinyesi cheusi au chenye damu, na kulegea.

Kwa sababu hiyo dawa ya minyoo hutolewa mapema: kwa kawaida kuanzia wiki ya 2, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 8, na baadaye kila mwezi hadi miezi 6. Mama hutibiwa wakati huohuo. Kipimo cha dawa hutegemea uzito, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpima mtoto kabla ya kumtibu. Kukisia kunaweza kusababisha dawa ipungue au izidi.

Minyoo hiyo inahusu pia afya ya watu. Mayai ya Toxocara hukaa muda mrefu kwenye udongo, na mtoto wa binadamu anayeyameza kwa mikono michafu anaweza kupata lava kwenye ini, mapafu au jicho. Lava wa safura ya mbwa hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku na kusababisha michirizi inayowasha. Kumtibu mtoto wa mbwa na kuzoa kinyesi chake ni kuwakinga pia watoto wa nyumbani.

Tumbo kuvimba kunaweza kuwa na sababu nyingine, kama maji kujaa tumboni kutokana na ukosefu mkubwa wa protini au ugonjwa wa moyo au ini. Tumbo linalojaa ghafla na kuwa gumu huku mnyama akijaribu kutapika bila kutoa kitu ni dharura.

Sababu za kukonda

Mtoto wa mbwa aliye chini ya alama 4 anaweza kuwa na tatizo moja au zaidi kati ya haya:

- Chakula kidogo, au chenye nguvu na protini haba.
- Kushindana kwenye chombo kimoja, ambapo wenye nguvu hula sehemu ya wanyonge.
- Minyoo ya utumbo, au viumbe vidogo kama vile Giardia na koksidia, ambao husababisha kuhara.
- Viroboto na kupe. Viroboto wengi huweza kummaliza damu mtoto mdogo, na kupe hueneza magonjwa kama babesiosisi na erlikiosisi.
- Magonjwa ya virusi kama parvo na distempa, ambayo huzuiwa kwa chanjo.
- Kasoro za kuzaliwa. Mtoto anayerudisha chakula kizima mara baada ya kuanza kula vigumu anaweza kuwa na kasoro ya umio. Anayebaki mdogo sana kuliko ndugu zake anaweza kuwa na kasoro ya moyo au ya mishipa ya damu ya ini.
- Kongosho kutotoa vimeng'enya vya kutosha, ugonjwa unaojulikana hasa kwa German Shepherd wachanga na vijana: mbwa hula sana, hutoa kinyesi kingi chenye mafuta, na bado hukonda.

Mtoto aliyekonda sana harudishwi kwenye hali nzuri kwa mlo mmoja mkubwa. Hupewa milo midogo mara nyingi kwa siku na kiasi kuongezwa polepole, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kudhurika kwa kulishwa ghafla.

Madhara ya kunenepa

Mifupa ya mtoto wa mbwa hukua kwenye sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Mnyama akiwa mzito kuliko mifupa inavyoweza kubeba, au akikua haraka kuliko kawaida, sehemu hizo na viungo huweza kuharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1974 na Åke Hedhammar na wenzake juu ya Great Dane ulionyesha kwamba watoto walioachiwa kula bila kipimo walipata matatizo mengi zaidi ya mifupa kuliko wenzao waliopimiwa chakula.

Utafiti mwingine maarufu, uliochapishwa mwaka 2002, ulifuatilia Labrador 48 tangu wakiwa na wiki 8 hadi mwisho wa maisha yao. Waligawanywa wawili wawili kutoka uzao mmoja, na katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Nusu ya waliolishwa kwa kipimo kidogo waliishi zaidi ya miaka 13.0, wakati kwa kundi lingine umri huo ulikuwa miaka 11.2. Ugonjwa wa viungo vya nyonga pia ulichelewa kujitokeza kwa mbwa wembamba. Chakula kilikuwa cha aina ileile. Kilichotofautiana ni kiasi.

Kumlisha zaidi mtoto wa mbwa hakumfanyi awe mkubwa kuliko urithi wake unavyoruhusu. Humfanya afike kwenye ukubwa huo mapema zaidi, akiwa na mafuta mengi na mifupa ambayo bado haijakomaa.

Mtoto aliyenenepa halazimishwi kupungua kama mbwa mzima. Kiasi cha chakula hupunguzwa kidogo, kwa mfano kwa asilimia 10, ili uzito uongezeke polepole huku mwili ukiendelea kurefuka. Hali yake hukaguliwa tena baada ya wiki mbili. Kumnyima chakula kabisa ni hatari.

Chakula na uzito

Kiasi cha kukadiria

Madaktari hukadiria mahitaji ya nguvu kwa kuzidisha 70 kwa uzito wa mnyama (kwa kilo) uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75. Jibu huzidishwa kwa 3 kwa mtoto wa chini ya miezi 4, na kwa 2 kwa aliyezidi umri huo hadi akaribie kukomaa. Kwa hiyo mtoto wa miezi 3 mwenye kilo 10 huhitaji kilokalori 1,180 hivi kwa siku. Akiwa na miezi 5 na kilo 16 atahitaji kilokalori 1,120 hivi. Mfano huu unaonyesha kwa nini wengi hunenepa katika umri huo: mwenye mbwa huongeza chakula kila mwili unapokua, wakati mahitaji yamebaki karibu palepale. Hesabu hii ni mwanzo tu. Mbavu ndizo huamua kama kiasi kiongezwe au kipunguzwe.

Hadi miezi 3 mtoto hulishwa mara 4 kwa siku, kisha mara 3 hadi miezi 6, na baadaye mara 2. Baada ya kuhasiwa, mbwa huhitaji chakula kidogo zaidi ingawa hamu yake ya kula inaweza kuongezeka.

Aina ya chakula

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mbwa hulishwa ugali na mabaki ya mezani. Ugali hujaza tumbo na kutoa nguvu, lakini una protini kidogo na karibu hauna kalsiamu. Mtoto anayekula ugali mtupu anaweza kuonekana ameshiba huku misuli yake haikui. Kuchanganya na dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao, huongeza protini na kalsiamu kwa gharama ndogo. Mayai yaliyopikwa na nyama za ndani kwa kiasi pia hufaa.

Nyama peke yake nayo haitoshi. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili hulazimika kuchukua kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Mtoto wa aina hiyo anaweza kuwa na uzito mzuri na kiuno kizuri, kumbe mifupa yake ni myepesi na huvunjika kwa kuruka kidogo. Kinyume chake, kumwongezea vidonge au unga wa kalsiamu mtoto wa aina kubwa anayekula chakula maalumu cha watoto wa mbwa ni kosa, kwa kuwa hadi umri wa miezi 6 hivi utumbo wake hauwezi kuzuia vizuri kalsiamu iliyozidi, na mifupa hukua vibaya.

Wakati wa kununua au kupewa mtoto wa mbwa

Watoto wa mbwa wanaouzwa mara nyingi huchaguliwa kwa unene wao, lakini ukaguzi wa dakika chache hutoa picha bora zaidi. Mbavu hupapaswa, fizi hutazamwa kama zina rangi ya waridi, tumbo huangaliwa kama limevimba ilhali mgongo umekonda, na mtoto hulinganishwa na ndugu zake. Mwenye mbwa huulizwa tarehe za dawa ya minyoo na chanjo, uzito wa mama, na chakula wanachokula. Mtoto mdogo kuliko wenzake si lazima awe mgonjwa: akiwa mchangamfu, anakula na anaongezeka kila wiki, anaweza kukua vizuri.

Dalili za kumwona daktari wa mifugo

Mtoto wa mbwa anatakiwa kupelekwa kwa daktari wa mifugo ikiwa:

- ni mchanga na hajaongezeka uzito kwa siku nzima, au hanyonyi;
- amepungua uzito katika umri wowote wa kukua, au hajaongezeka kwa wiki mbili mfululizo;
- tumbo limevimba huku mbavu na uti wa mgongo vikijitokeza;
- fizi ni nyeupe, anahara damu, au anatapika mara kwa mara;
- anakula sana na bado anakonda;
- anachechemea, miguu inapinda, au analia anapoguswa mifupa;
- mbavu zake hazihisiki kabisa.

Daftari la vipimo vya kila wiki, likipelekwa pamoja na mnyama, humwezesha daktari kuona tatizo lilianza lini.

Tazama pia

- Mbwa
- Minyoo
- Safura
- Kupe
- Kiroboto
- Kichaa cha mbwa
- Lishe